Ugonjwa "Usiokuwepo" Afrika: Burkitt, Vitabu Vitatu vya Upasuaji na Tumbo la Shangazi

Kitabu kilishapoteza jalada zamani. Mwenyewe amekishona mgongoni kwa uzi wa kushonea watu, juu yake akapitisha plasta, ile ya kufungia vidonda, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ni juzuu ya kwanza ya Primary Surgery, kitabu cha upasuaji kilichohaririwa na Maurice King na kutoka mwaka 1990. Mwenye kitabu ni daktari msaidizi mstaafu, wale tuliozoea kuwaita AMO, na amepasua matumbo ya watu wa Manyoni na vijiji vyake kwa zaidi ya miaka 20.

Nilimkuta barazani kwake jioni, ng'ambo ya reli. Nikampa shikamoo, akanisogezea kigoda, nikamweleza kilichonileta: nataka kuandika juu ya ugonjwa wa shangazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akasema jambo ambalo ndilo limezaa makala haya: "Mwanangu, huo sisi tulifundishwa ni ugonjwa wa Wazungu. Uliandikwa vitabuni, tukaukariri, tukaujibu kwenye mtihani. Wodini hakuna aliyetuambia tuutafute."

Najua wasomaji wa hapa mmezoea riwaya na ushairi. Leo nivumilieni, tunasoma vitabu vya kisu. Navyo ni vitabu kama vingine. Vina waandishi wenye imani zao, vina wasomaji waliokusudiwa, na vina mambo ambayo mwandishi aliyaacha nje kwa sababu aliamini hayapo.

Nianze na shangazi. Kwa miaka 6 alikuwa anahara damu. Si kila siku. Ugonjwa ulikuwa unakuja, unakaa wiki kadhaa, unaondoka, anapata nguvu za kwenda shamba, halafu unarudi. Kila alipokwenda kupima choo aliambiwa ni amiba, akapewa flajili. Safari nyingine ikawa taifodi. Safari nyingine minyoo. Mwaka wa nne, amekonda hata kanga zinamzunguka mara mbili, akaanzishiwa dozi ya kifua kikuu cha tumbo, akaimaliza miezi yote 6. Majirani nao wakawa na jibu lao, lile ambalo watu huwa nalo wakimwona mama mjane amekonda. Sikitaji hospitali yoyote, maana nimekuja kuelewa baadaye kwamba wale waliomhudumia walifanya kile walichofundishwa. Ndiyo shida yenyewe.

Binti yake anayeishi Dar es Salaam alimchukua kwa basi. Huko wakamfanyia kipimo cha kamera, wakakata vinyama kutoka ukuta wa utumbo, vikaenda kusomwa kwa darubini. Jibu likaja: koliti ya vidonda. Utumbo mpana umevimba na kuchubuka kwa ndani, na anayeuchubua si mdudu. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Ugonjwa huu una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kukamata popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na ambao hukata unene wote wa ukuta wa utumbo. Wawili hawa ndio wanaounda ile familia ya magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo.

Sasa swali langu likawa hili. Nani aliamua kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, na uamuzi huo ulisafirije mpaka ukamfikia ofisa tabibu wa Manyoni?

Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, lipo Kampala. Kabla ya mwaka 1963 Tanganyika haikuwa na chuo cha kufundisha udaktari kamili. Kijana aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza miaka ya 1920 kwenye hospitali ya Mulago. Waliofika huko walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere aliwahi kusema kwamba Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12 tu. Kwa hiyo kilichosemwa wodini Mulago, mbele ya wanafunzi waliozunguka kitanda, kilikuwa na uzito kuliko tunavyoweza kufikiria leo. Sentensi moja ya mwalimu iliweza kuwa ndiyo elimu ya nchi nzima.

Mmoja wa walimu hao alikuwa Denis Burkitt. Ni mtu ninayempenda, niseme wazi, na ndiyo maana makala haya hayajawa rahisi kuandika. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia, lakini akaja kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alifika Lira, kaskazini mwa Uganda, akawa anahudumia wilaya nzima. Huko akagundua kitu ambacho watu wa Pwani watakicheka: wanaume wa mashariki mwa wilaya walikuwa na mabusha kwa wingi, wa magharibi kidogo sana. Wilaya moja, kabila moja, hospitali moja. Akachora ramani. Mtu mwingine angeendelea kupasua mabusha akalala. Yeye alitaka kujua yanakoanzia na yanakoishia.

Mwaka 1948 akahamishiwa Mulago, akawa pia mwalimu wa upasuaji. Mwaka 1957 mwenzake, tabibu Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kusoma kitu kama kile. Baada ya muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Hapo ndo akaanza kutafuta. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza: mmeona hii? Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alinunua gari kuukuu la Ford na kusafiri maili 10,000 kwa wiki 10, kutoka Uganda, kupitia Tanganyika, hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali moja hadi nyingine.

Ramani iliyotokana na safari hiyo ni moja ya kazi nzuri zilizowahi kufanywa kwenye ardhi yetu. Ilionyesha kwamba saratani ile ya taya, ambayo leo ina jina lake, inafuata joto na mvua, na inakosekana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huohuo wa 1961 alitoa mhadhara London, akasikilizwa na kijana aitwaye Anthony Epstein, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza virusi waliyoviona ndani ya seli za uvimbe huo. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Yote hayo yalianza kwa daktari kuuliza vijihospitali vya vichakani wameona nini.

Hebu tutazame sasa njia yake hiyo. Mtoto mwenye uvimbe wa taya haitaji kipimo ili aonekane. Muuguzi wa misheni, mpishi, mlinzi wa geti, yeyote akionyeshwa picha atasema ndiyo, tulimwona mmoja mwaka jana. Na wakisema hapana, hapana hiyo ni ya kweli. Nafasi tupu kwenye ramani ya Burkitt ilimaanisha ugonjwa haupo.

Burkitt aliondoka Uganda miaka ya katikati ya 1960 akaenda London, na huko akaanza kazi yake ya pili, ile iliyomfanya awe maarufu hata kwa watu wasiosoma majarida ya kitabibu. Trowell alikuwa ameshatoa kitabu mwaka 1960, Non-Infective Disease in Africa, kikiorodhesha magonjwa yaliyojaa Ulaya na kuonekana kwa nadra kwa Waafrika. Burkitt akaunganisha orodha hiyo na chakula. Sisi tunakula nafaka nzima, mboga, maharage. Choo chetu ni kingi, laini, kinapita haraka. Wazungu wanakula mkate mweupe. Ndiyo maana, akasema, wao wana kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, bawasiri na mengineyo. Alizunguka dunia akionyesha slaidi za vinyesi kwa hadhira za watu waliovaa tai. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi katika chakula kiliuzwa sana.

Ili kupata ushahidi alirudia njia ileile iliyomfaa. Alituma fomu kila mwezi kwa zaidi ya hospitali mia moja, nyingi zikiwa za misheni na nyingi zikiwa Afrika, akiuliza mmeona wangapi wenye ugonjwa huu na ule. Majibu yakarudi: hatujaona. Hatujaona. Mmoja tu, na huyo alikuwa mfanyakazi wa ofisini mjini.

Hapo ndipo ninapoachana naye. Taya linaonekana, utumbo hauonekani. Ili useme mtu huyu ana koliti ya vidonda unahitaji kuingiza chombo na kuchungulia, ukate kinyama, uwe na mtu wa kukisoma, na kwanza uwe umeondoa amiba, kichocho na kifua kikuu. Hospitali ya misheni ya wakati ule ilikuwa na nini? Chukua ukanda wetu huu wa kati. Wamisionari wa CMS kutoka Australia walichukua kazi ya Ugogo mwishoni mwa miaka ya 1920. Daktari wao mmoja, Paul White, alikaa Mvumi tangu 1938 hadi 1941, akarudi kwao na kuandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor vilivyosomwa na watoto dunia nzima. Visomeni mkivipata, kwa jicho la wivu na jicho la shaka. Mnaona daktari mmoja, wasaidizi aliowafundisha mwenyewe, akiwemo Daudi asiyekosekana kwenye hadithi, vyombo vya kuungaunga na taa ya mafuta. Mtu akija anahara damu mahali kama hapo anapewa dawa ya amiba, na ni sawa, kwa sababu mara nyingi itakuwa amiba. Akipona, vizuri. Asipopona anarudi kijijini. Kwenye fomu ya Burkitt mtu huyo hayumo. Nafasi yake ni tupu, na safari hii utupu hausemi kitu.

Inauma zaidi ukijua kwamba Mulago palepale kuna waliochungulia. Mwaka 1966 madaktari Billinghurst na Welchman walichapisha kwenye British Medical Journal taarifa ya Waafrika wanne wenye koliti ya vidonda. Wanne tu, na pengine ndiyo maana haikubadilisha kitu. Lakini hata wanne hawatoshi kuitwa sifuri.

Kwa haki ya Burkitt niongeze kwamba hakuna anayesema ugonjwa huu ulikuwa umejaa vijijini tukakosa kuuona. Inawezekana kabisa ulikuwa nadra, na kwamba unaongezeka sasa kadiri maisha yanavyobadilika. Ndivyo inavyoonekana sehemu nyingi za dunia. Na kuhusu nyuzinyuzi, mengi aliyosema yamesimama. Kosa si kusema nadra. Kosa ni kwamba neno "nadra" likifika darasani hugeuka kuwa "haupo", na likifika wodini hugeuka kuwa "usiutafute".

Hapa turudi kwenye vitabu, maana mzee wangu wa Manyoni alinifundisha kuvisoma. Alisema mwanafunzi wa upasuaji wa Afrika Mashariki alikuwa na vitabu viwili, kisha ndo kikaja cha tatu.

Cha kwanza ni cha mtihani. Kinaitwa kwa majina ya waandishi wake, Bailey na Love, na kilitoka mara ya kwanza London mwaka 1932. Mwaka huohuo, kwa bahati tu, Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York walieleza wagonjwa 14 wenye uvimbe wa mwisho wa utumbo mwembamba, wakasisitiza kwamba haukuwa kifua kikuu. Kwenye kitabu cha aina hii magonjwa yetu mawili yana kurasa zao. Mwanafunzi alizikariri: lini ukimbilie kisu, yaani damu isipokoma, utumbo ukitanuka kama puto na kutia sumu mwilini, ukitoboka, dawa zikishindwa, au saratani ikianza kuota baada ya miaka mingi ya uvimbe. Alikariri kwamba kwa koliti ya vidonda, ukiuondoa utumbo mpana wote na sehemu ya chini ya haja kubwa, ugonjwa umekwisha, lakini kwa Crohn kisu hakiponyi, kinapunguza tu taabu, maana uvimbe hupenda kurudi hapo ulipounganisha.

Alikariri na jina la Bryan Brooke wa Birmingham. Kabla yake, mgonjwa aliyeondolewa utumbo mpana alitolewa ncha ya utumbo mwembamba kwenye ngozi ya tumbo, choo kipite hapo, na maji makali ya utumbo yakaichoma ncha hiyo na ngozi mpaka vikasinyaa. Mwaka 1952 Brooke alieleza dawa yake: itoe ncha kidogo, kisha ikunje irudi juu yake yenyewe, kama mtu anavyokunja mkono wa shati, halafu shona. Basi. Nimeisoma mara kadhaa na bado inanishangaza kwamba watu waliteseka miaka yote hiyo kwa kukosa mkunjo mmoja.

Kitabu cha pili hakikuandikwa. Ni mdomo wa mwalimu akizunguka wodi. Hicho ndicho kinachofundisha hasa, kwa sababu upasuaji ni ufundi, na fundi hujifunza kwa kusimama kando ya fundi. Unashika koleo, unafuta damu, unakata uzi, siku moja unaambiwa shona ngozi, siku nyingine unapewa kisu. Katika kitabu hicho cha mdomo kulikuwa na henia, utumbo uliojisokota, fupa lililooza, mama aliyeshindwa kujifungua. Koliti ya vidonda ilitajwa kwa kupita: hii hatuioni hapa, endelea.

Dar es Salaam ilipopata shule yake ya udaktari mwaka 1963, ikawa kitivo mwaka 1968 na kuja kuwa Muhimbili tunayoijua, vitabu hivyo viwili vilihamia pamoja na walimu. Mwaka huohuo wa 1963 ndipo nchi ilipoanza pia kuwapandisha matabibu kuwa madaktari wasaidizi. Miaka 2 ya masomo, ndani yake miezi michache ya upasuaji, halafu mtu anapangiwa Manyoni, Kibondo au Mahenge, na kuanzia hapo yeye ndiye mpasuaji. Wapo waliodhani ni uhuni. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma: hao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa mno ya upasuaji wa uzazi wa dharura katika hospitali walizochunguza, na matokeo yao hayakupishana na ya madaktari kamili kwa kiasi cha kushtua. Mzee wangu aliposikia nikimsomea hilo alicheka tu, akasema, "Walihitaji utafiti?"

Kitabu cha tatu kiliandikwa kwa ajili yake. Maurice King alikuwa ameshahariri kitabu kingine mwaka 1966, kilichotokana na mkutano wa Makerere, juu ya tiba katika nchi maskini. Kwenye Primary Surgery yeye na wenzake waliamua kumwandikia mtu mmoja: daktari aliye peke yake kwenye hospitali ya wilaya, usiku, hana wa kumpigia simu. Kinamwambia "wewe". Kina michoro ya mikono. Na kina visa vifupi vya wagonjwa, wengine waliokufa kwa sababu daktari alikosea, na chini ya kisa kimeandikwa somo. Nimesoma riwaya zenye tuzo ambazo hazina ujasiri huo. Mzee ameweka alama kwenye visa vyote vya vifo. Pembeni ya kimoja ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa Kiswahili, "Hili nami nililifanya, 1994."

Lakini kitabu cha namna hiyo lazima kichague, na kinachagua kwa wingi wa ugonjwa. Huwezi kumlaumu. Mtu ana usiku mmoja na taa moja. Mfundishe kutoa mtoto na kufungua utumbo uliosokotwa. Hivyo koliti ya vidonda ilikuwa kwenye kitabu cha mtihani, ambacho kimebaki chuoni, na haikuwa sehemu ya kile kilichokaa mezani Manyoni kikishonwa kwa uzi.

Kuna kisa kimoja mzee alikuwa hakijui, na nilifurahi kuwa mimi ndiye wa kumpa. Kifua kikuu cha utumbo huacha makovu yanayobana njia, na dalili zake hufanana na Crohn kiasi kwamba hata leo madaktari wazuri huchanganya. Mwaka 1977 wapasuaji wa India wakiongozwa na Katariya walieleza jinsi wanavyofungua mabano hayo bila kukata na kutupa utumbo: chana pale palipobana kwa urefu, kisha shona kwa upana. Njia inapanuka, utumbo unabaki. Mwaka 1982 Emanoel Lee wa Oxford akaichukua mbinu hiyo na kuitumia kwa wagonjwa wa Crohn, ambao kila wakikatwa walikuwa wanabakiwa na utumbo mfupi zaidi. Leo inafundishwa kila mahali. Kwa hiyo ugonjwa wa maskini ndio uliotoa tiba ya ugonjwa wa matajiri. Mzee aliniomba nirudie. Akachukua karatasi, akachora bomba, akachana kwa urefu, akashona kwa upana, akaitazama muda mrefu. "Hii ningeweza," akasema. "Hii ningeweza kabisa."

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani dozi ile ya kifua kikuu aliyopewa shangazi ilikuwa ujinga. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu vidonge vya steroidi, vile vinavyotuliza kinga ya mwili, unaweza kumsambazia ugonjwa mwili mzima. Hofu hiyo ni ya haki. Swali ni nini kinafuata dozi ikiisha na damu bado inatoka. Hapo ndipo aliyefundishwa "nadra" huandika rufaa, na aliyefundishwa "haupo" huandika flajili tena.

Dawa zenyewe si za jana. Sulfasalazini ilibuniwa Sweden na Nanna Svartz, ikaanza kuandikwa habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1940. Oxford walionyesha mwaka 1955 kwamba kotisoni inaokoa wagonjwa wa koliti kali. Shangazi alipata vidonge hivyo zaidi ya miaka 60 baadaye. Wiki ya tatu damu ilikatika.

Kisu hajakihitaji mpaka sasa, na anakiogopa kwa sababu aliyoieleza vizuri kuliko daktari yeyote. Siku tuliyokaa na mpasuaji kijana kule Dar, yule dada alichora kwenye karatasi mfuko wa kubandika tumboni, akaeleza kwa upole kwamba ikifika huko maisha yanaendelea. Shangazi akamuuliza: "Mwanangu, na maji nitapata wapi ya kuoshea hicho kitu, mwezi wa kumi?" Yule dada akaweka kalamu chini. Nikajua hilo nalo halimo kwenye Bailey na Love. Mwezi wa kumi Manyoni ndoo ya maji ni habari nyingine.

Na chakula, jamani. Ugali wa uwele na mlenda, chakula kile ambacho Burkitt angekipigia makofi, ndicho alichokula tangu utoto. Hakikumkinga. Sasa ameambiwa ugonjwa ukiwaka akipunguze, ale vilaini, wali mweupe, mkate. Anaona ni matusi. "Nile chakula cha wagonjwa niwe mgonjwa?" Tunabishana naye kila nikienda.

Mambo yamesogea. Dodoma, kama kilomita 120 tu kutoka hapa, ina chuo kikuu chenye wanafunzi wa udaktari na hospitali kubwa ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, kinawafundisha vijana wakiwa kwenye hospitali za nchi zao badala ya kuwapeleka Edinburgh. Anayefundishwa leo ana kamera na ana wa kusoma vinyama, angalau kwenye hospitali za juu. Huku wilayani bado ni kipimo cha choo na darubini moja, na foleni.

Nilipomrudishia mzee kitabu chake nilimpelekea pia nakala ya majibu ya shangazi, kwa ruhusa yake mwenyewe. Alivaa miwani, akaisoma karatasi ya kamera, akaisoma ya vinyama, akarudi kwenye ya kamera. Akaniuliza alianza lini, damu ilikuwa ya namna gani, usiku aliamka mara ngapi. Maswali ya kazini. Kisha akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, na nilipomuuliza anahesabu nini akasema kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna kijana wa Kilimatinde aliyekuwa fundi baiskeli, na kuna mama mmoja wa Saranda aliyemtibu amiba mpaka akaacha kuja.